North Melbourne haikosi vipaji, inakosa watu wazima

Kuanzia msimu wa 2021 hadi wa 2024, North Melbourne walicheza mechi 90 za AFL, ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia, mchezo tofauti na soka letu. Walishinda 12 na kutoka sare 1. Katika drafti tano za 2020 hadi 2024, yaani zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, klabu hiyo hiyo ilichagua chipukizi saba ndani ya nafasi nne za kwanza. Weka hesabu hizo mbili pamoja na utaona kwa nini hoja inayopendwa zaidi na mashabiki wa Kangaruu, kama North wanavyoitwa, kwamba vijana wakikua mambo yatajipa, inanipa shida. Vijana wamekuwepo muda wote huu. Waliokosekana ni watu wa kucheza kando yao.

Kwa msomaji aliyezoea soka letu, kwanza aelewe mazingira. AFL ina timu 18 na hakuna kushuka daraja. Timu iliyoburuta mkia hupewa haki ya kuchagua kwanza katika drafti, ambako karibu wote ni vijana wa miaka 18. Kwa kawaida huwezi kuingia sokoni na mfuko wa fedha ukasajili mshambuliaji, kwa sababu mara nyingi mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji mwenzake au kwa nafasi ya kuchagua, na jumla ya mishahara ina ukomo. Ukomo huo una sakafu pia: kila klabu lazima ilipe angalau asilimia 95 yake. Sakafu hii huzitesa timu dhaifu kimyakimya. Timu yenye watoto watupu italazimika kumlipa mtu fulani fedha nyingi hata kama hastahili. Njia ya busara ni kuzitanguliza fedha za mkataba wa mchezaji bora katika miaka ya mwanzo, ili nafasi ibaki pale timu itakapokuwa tayari kuvuta nyota kutoka nje.

Sasa turudi kwenye shimo lenyewe, maana lina tarehe. Mwaka 2014 na 2015 North walifika nusu fainali ya mwisho, hatua moja kabla ya fainali kuu. Mwishoni mwa 2016 klabu ikaamua kutowapa mikataba mipya wakongwe wanne kwa pamoja: Brent Harvey, aliyekuwa amecheza mechi 432, Drew Petrie, Nick Dal Santo na Michael Firrito. Uamuzi wenyewe ungeweza kutetewa kama wa miaka 25 wangekuwa wengi nyuma yao. Hawakuwa wengi. Mwisho wa 2020 wakarudia, safari hii kwa panga kubwa zaidi: wachezaji 11 waliachwa kwa mkupuo, na nje ya hao Ben Brown, aliyefunga zaidi ya magoli 60 katika kila msimu wa 2017, 2018 na 2019, akaruhusiwa kwenda Melbourne, klabu nyingine ya jiji hilo hilo. Mwaka mmoja baadaye Brown alikuwa bingwa huko.

Mashabiki wengi huuita mwaka 2020 "kujenga upya". Mimi naona ulikuwa ubomoaji, na ujenzi haukufuata. Ukitoa wachezaji 11 kwa siku moja unaondoa pia sauti uwanjani, anayejua asimame wapi mpira ukipotea, na anayemwambia kijana atulie baada ya makosa mawili. Drafti haikupi mtu huyo. Inakupa kijana wa miaka 18 ambaye mwili wake utahitaji misimu mitatu au minne ya chumba cha vyuma kabla ya kusukumana na mtu mzima mechi 23 mfululizo.

Na kijana bora akiona hali hiyo, anaondoka. Jason Horne-Francis alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2021, akacheza msimu mmoja wa 2022 ambao timu ilishinda mechi 2, kisha akaomba kwenda Port Adelaide. Kwenye mabadilishano hayo North walitoka vizuri kuliko walivyotarajiwa, kwani walipata nafasi zilizowaletea Harry Sheezel wa 3 na George Wardlaw wa 4. Sheezel alitwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi mwaka 2023 na katika msimu huo huo akawa mchezaji bora wa klabu. Wapo wanaoshangilia hilo hadi leo kama ushahidi kwamba drafti inalipa. Kwangu ni taarifa ya kutisha: mvulana katika msimu wake wa kwanza hapaswi kuwa mchezaji bora wa klabu ya watu wazima.

Msimu huo huo wa 2023 uliwagawa mashabiki kwa namna nyingine. North walishinda mechi mbili za mwanzo, wakapoteza 20 mfululizo, kisha wakaifunga Gold Coast siku ya mwisho. Ushindi ule uliwatoa mkiani, West Coast wakashuka chini yao na kumchukua Harley Reid kwa nafasi ya kwanza. Wapo waliosema ni ushindi uliowagharimu mchezaji wa kizazi. Siafikiani nao hata kidogo. Kundi lililopoteza mechi 20 lilihitaji kuondoka uwanjani limeshinda kuliko lilivyohitaji mtoto mwingine mwenye kipaji.

Uwanjani, tatizo la timu changa halionekani pale watu wengi wanapotazama. Mwamuzi anapourusha mpira na warefu wa kati kuurukia, North si wanyonge. Wana Tristan Xerri wa kuruka, na Luke Davies-Uniacke na Wardlaw wa kuokota chini. Balaa huja sekunde kumi baadaye. Mpira umetoka, mabeki wa pembeni wamepanda kutoa msaada, kiungo anapiga kuelekea mbele na mpinzani anaudaka katikati ya njia. Nyuma pako wazi, uwanja wa duaradufu una mita zaidi ya 150 kutoka goli hadi goli, na mateke matatu yanatosha kumfikisha adui. Goli ni pointi 6. Mkipoteza mpira hivyo mara saba, mchezo umekwisha hata kama kwenye mipira ya kurushwa mmewashinda.

Kuziba mwanya huo kunahitaji vitu viwili ambavyo haviji bila umri. Cha kwanza ni mafowadi wanaokaba. Mshambuliaji wa miaka 19 atamkimbiza beki mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya nne atachelewa hatua mbili, na hapo ndipo beki anapata nafasi ya kuinua kichwa na kupiga pasi safi. Mabadiliko ya wachezaji kutoka benchi yana ukomo wa 75 kwa mechi, kwa hiyo huwezi kumpumzisha kila mara anapochoka. Cha pili ni beki anayesoma mpira kabla haujapigwa, amwache mtu wake kwa makusudi, auendee na kuudaka. Anayewahi sekunde moja kabla anadaka hewa na kumwachia mtu goli tupu. Ni ujuzi wa mechi mia moja.

Mfano mzuri wa beki wa aina hiyo unatugusa hata sisi huku: Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Mwisho wa 2020, akiwa na miaka 26, alihama kutoka Sydney kwenda Port Adelaide, nao hawakutoa nafasi ya raundi ya kwanza kumpata. Msimu wake wa kwanza huko akateuliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Wachezaji kama hao hupatikana kila Oktoba, dirisha la kubadilishana linapofunguliwa. Kinachotakiwa ni klabu kukubali kutoa nafasi yake ya drafti ili kupata mtu aliyekwisha kuiva.

Melbourne walifanya hivyo hasa. Mwaka 2013 walishinda mechi 2. Kocha Paul Roos alipoingia, nafasi ya pili ya drafti ile ikapelekwa klabu ya GWS (Greater Western Sydney), wakampata Dom Tyson, aliyekwisha onja ligi, pamoja na nafasi ya 9 waliyomchagulia Christian Salem. Wakaongeza Bernie Vince kutoka Adelaide na Daniel Cross kutoka Western Bulldogs, watu wazima wanaojua kukaba na kuongea. Mwaka 2014 walishinda mechi 4 tu, na mashabiki wengi waliudhika kwa mchezo wa kuchosha. Lakini pointi walizofungwa zilipungua sana, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwaka ule. Kocha Simon Goodwin alirithi mwaka 2017 timu iliyojua kujilinda, wakafika hatua ya mtoano 2018, na mwaka 2021 wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1964. Salem alikuwa ndani ya kikosi hicho.

Kuna mfano wa karibu zaidi, tena ndani ya nyumba yao wenyewe, nao unanishangaza kwa jinsi unavyotajwa kidogo. Timu ya wanawake ya North ilipoingia ligi mwaka 2019 haikuanza na watoto. Ilianza kwa kuvuta wachezaji waliokwisha thibitika: Emma Kearney kutoka Western Bulldogs, Jasmine Garner na Emma King kutoka Collingwood. Chipukizi wakaingizwa mmoja mmoja kuwazunguka hao. Mwaka 2024 wakawa mabingwa bila kupoteza hata mechi moja, na 2025 wakarudia. Klabu ni hiyo hiyo, rangi ni hizo hizo za buluu na nyeupe.

Kwa hiyo Oktoba 2024, North walipowaleta Luke Parker, Jack Darling na Caleb Daniel, niliuona kuwa mwelekeo sahihi uliochelewa miaka minne. Darling alikuwa na miaka 32, Parker akikaribia 32, Daniel 28. Mashabiki waliosema "mnasajili wazee" wana haki upande mmoja: mtu wa miaka 32 anakupa misimu miwili, na shimo la North liko kati ya 24 na 28. Daniel ndiye aliyelingana zaidi na hitaji, beki wa sentimita 168 anayepiga pasi safi kutoka nyuma. Wale wengine wawili ni plasta juu ya kidonda. Plasta ina kazi yake, mradi isihesabiwe kuwa tiba.

Nisichoweza kukitetea ni kilichofuata kwenye drafti ile. North walitoa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2025 kwa Richmond, wakachukua nafasi ya 27 na kumchagua Matt Whitlock, chipukizi. Kama ungeitoa nafasi hiyo kumpata beki wa miaka 25 ningepiga makofi. Kubadilisha chipukizi wa juu wa kesho kwa chipukizi wa chini wa leo hakuzibi shimo lolote, na hatari yote inabaki kwako: ukimaliza chini, mwenzako ndiye anayevuna. Mwaka 2025 North walimaliza wa 16. Hasira ya mashabiki kwa hili ni ya haki, wala sidhani kijana mwenyewe anastahili kubebeshwa lawama.

Kuhusu kumfukuza kocha, nitasema kwa kifupi. Tangu Brad Scott aondoke Mei 2019 wamepita Rhyce Shaw na David Noble, na sasa yuko Alastair Clarkson, mwenye ubingwa mara nne na Hawthorn. Kila kocha mpya hubadilisha mfumo wa kukaba, na kijana aliyefundishwa mifumo mitatu kabla ya kufikisha miaka 22 hukaa akifikiri badala ya kukimbia. Ukitaka kumhukumu Clarkson, mhukumu kwa pointi anazofungwa.

Fedha nazo zimo ndani ya hadithi hii. North waliachana na mashine za kamari mwaka 2008, uamuzi ninaouheshimu sana, na tangu hapo wanategemea zaidi wanachama na mgao wa ligi. Ndiyo maana waliuza mechi za nyumbani Hobart, kisiwani Tasmania, kuanzia 2012, na kuanzia 2025 mbili zimehamia Western Australia. Shabiki anayelalamika hapa halalamiki kwa hisia tu. Mechi ya "nyumbani" dhidi ya West Coast au Fremantle, katika jimbo lao, ni mechi ya ugenini yenye jina la uongo, na timu changa ndiyo inayoumia zaidi kwa safari ya saa nne angani. Mashabiki hawa walikataa klabu kuhamishiwa mji wa Gold Coast mwaka 2007 na wakashinda. Wanachama wanapiga kura ya bodi, basi swali la kumuuliza mgombea ni moja: mkataba huu wa Western Australia ukiisha, mapato yake yatazibwa na nini?

Na vikosi vinapotangazwa, kwa kawaida Alhamisi jioni, chukua kalamu. Andika idadi ya mechi za kila mchezaji wa North, kisha fanya hivyo kwa mpinzani. Usitafute wastani, maana Parker mmoja anaupandisha na kukudanganya. Hesabu wangapi wako kati ya mechi 80 na 180. Baada ya mchezo, andika pointi walizofungwa na robo zilikoingia. Zikija nyingi robo ya tatu na ya nne, miguu imekwisha. Zikija robo ya kwanza, mfumo wa nyuma haujaeleweka, na hilo ni la kocha. Fanya hivyo kwa mechi sita kabla ya kuandika lolote kuhusu drafti.