Ukiumwa mgongo usilale tu: tafiti zinasemaje kuhusu kutembea, godoro gumu na ile picha ya MRI

Mtu akishikwa na mgongo ushauri anaopewa mtaani unajulikana, lala chali, usiiname, tandika mkeka ulale chini au nunua godoro gumu, funga mkanda, na ukipata hela nenda kapige MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ujue diski ipi imetoka, yaani vile vimto laini vya kati ya pingili. Anaambiwa hivyo na jirani, anaambiwa na mama mkwe, na kwa bahati mbaya kuna wakati anaambiwa hivyo hivyo hospitali. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ya kila siku ni migongo, magoti na watu waliopata kiharusi, na kwenye migongo ndo naumia zaidi maana naona watu wanateseka muda mrefu kuliko ilivyotakiwa kwa kufuata ushauri ambao ulishapimwa miaka mingi iliyopita ukaonekana hausaidii. Kwa hiyo leo naomba tulizungumze taratibu, nini kilipimwa, wapi, na kilionekana nini.

Mwaka 2020 ilikadiriwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani pale kiunoni. Hakuna tatizo lingine la afya linalofanya watu wengi hivyo waishi na ulemavu. Sasa kwa walio wengi, kama 9 kati ya 10, ukipima huoni ugonjwa fulani unaoweza kuunyooshea kidole ukasema ndo huu hapa, sio kansa, sio pingili iliyovunjika, sio maambukizi. Hiyo haimaanishi mtu anajifanyisha. Maumivu ni ya kweli kabisa na yanaweza kukuangusha chini ukashindwa hata kuvaa soksi, ila mgongo wenyewe haujaharibika kwa kiwango cha yale maumivu, na hapo ndo penye habari njema ambayo watu wengi hawaambiwi.

Tuanze na kulala. Zamani madaktari kweli walikuwa wanalaza watu, wiki moja, wengine zaidi. Mwaka 1986 huko Texas, Marekani, wakachukuliwa wagonjwa 203 wenye mgongo, baadhi wakaambiwa wapumzike kitandani siku 2 na wengine siku 7. Walioambiwa siku 2 walipoteza siku pungufu za kazi, pungufu kwa asilimia 45, na kwa mambo mengine hawakuwa wabaya kuliko wale wa siku 7. Yaani zile siku 5 za ziada hazikununua kitu.

Halafu ukaja utafiti mwingine wa Finland uliochapishwa mwaka 1995, huu naupenda sana na nauelezea kwa wanafunzi kila nikipata nafasi. Walichukua wafanyakazi wa jiji la Helsinki 186 ambao mgongo umewashika sasa hivi, sio wa miaka, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lala siku mbili. Kundi la pili fanya mazoezi maalumu ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma na kuinamia pembeni. Kundi la tatu wewe endelea na shughuli zako za kawaida kadiri maumivu yanavyokuruhusu, basi. Baada ya wiki 3 na tena baada ya wiki 12, waliokuwa na nafuu kubwa zaidi ni hao wa tatu, walioendelea na maisha yao, na waliochelewa kupona kuliko wote ni waliolala. Na hata wale wa mazoezi maalumu walizidiwa na wale wa shughuli za kawaida, jambo ambalo sisi mafizio tunatakiwa tulimeze hata kama halitupendezi. Zile siku za mwanzo mgongo ukiwa umewaka moto sio wakati wa kumkunjakunja mtu, ni wakati wa kumtoa hofu na kumwambia simama, jongea, pika chai yako, tembea mpaka dukani, ukichoka kaa. Kama maumivu ya siku ya kwanza ni makali mno kiasi huwezi kusimama lala kidogo, hakuna anayekukataza, ila hesabu kwa masaa usihesabu kwa wiki.

Kwa nini kulala kunadhuru? Diski zetu, zile zinazokaa katikati ya pingili, sehemu yake kubwa haina mishipa ya damu, chakula chake kinaingia kwa majimaji kupenya taratibu, na kujongea kwa mwili kunasaidia hayo majimaji yaingie na kutoka. Misuli nayo ukiilaza inapungua nguvu haraka kuliko mnavyofikiria, hasa ya mapaja. Lakini kikubwa kuliko vyote, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, ni woga. Mtu akishaambiwa mgongo wako umeharibika anaanza kuulinda, anaukaza muda wote, anapumua juu juu, haokoti kitu, hachezi na watoto, na ile kukaza yenyewe inauma, inauma anaogopa zaidi, anapunguza zaidi, mpaka mwaka unaisha mtu amebaki nusu ya alivyokuwa.

Hii naiona kila wiki. Mama anaingia chumbani na bahasha kubwa ya picha ameikumbatia, kabla hajakaa ananiambia dokta mimi L4 na L5 zimesagika, yaani zile pingili mbili za chini kabisa kiunoni. Namwambia pole mama, hiyo bahasha tutaifungua, ila kwanza nionyeshe unavyoinuka kwenye kiti. Anainuka ameshika mapaja kwa mikono miwili, pumzi kaibana, kiwiliwili chote kakinyoosha wima hataki kuinama hata kidogo, na anasikia maumivu kweli. Namwambia turudie, sogea ukingoni mwa kiti, miguu irudishe nyuma kidogo iwe chini ya magoti, sasa inamia mbele pua ipite vidole vya miguu, toa pumzi, nyanyuka. Wengi wakifanya hivyo maumivu yanapungua palepale, wananiangalia, tunarudia mara tano, kumi. Pingili za L4 na L5 ni zile zile alizoingia nazo. Kilichobadilika ni kwamba ameacha kuukaza mgongo na amekubali kuinama.

Sasa hiyo picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo kabisa, nasema tena, hawaumwi. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Diski zilizovimba kwenda nje, ambazo ndo watu wakisomewa wanalia, zilikuwepo kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 84 ya wazee wa 80. Kwa hiyo ukiwa na miaka 50 ukapigwa MRI ukaandikiwa diski zimechakaa, wameandika kitu ambacho jirani yako asiyeumwa popote pia angeandikiwa. Na hata ile diski iliyotoka kweli ikagusa mshipa wa fahamu maumivu yakashuka mpaka mguuni, nyingi zinanywea zenyewe, na cha kushangaza zile zilizotoka vibaya zaidi, kipande kimekatika kabisa, ndo zinazonywea mara nyingi kuliko zile zilizovimba kidogo tu, maana mwili unakiona kile kipande kama kitu kigeni unakishambulia na kukimaliza. Mimi sipingi MRI, inaokoa maisha ikitumika pale inapotakiwa, ninachokipinga ni mtu kukopa hela ya ada ya mtoto akapige picha ya mgongo unaouma siku kumi tu, ambao hauna dalili yoyote mbaya.

Dalili mbaya zipo na hizi usikae nazo nyumbani. Ganzi sehemu za siri na makalioni pale unapokalia tandiko la baiskeli, kushindwa kukojoa au kushindwa kubana haja, miguu kuishiwa nguvu inayozidi kila siku, hiyo ni dharura ya leo leo, sio ya kusubiri Jumatatu. Mgongo unaoambatana na homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, hapo kwetu Afrika Mashariki lazima kifua kikuu cha uti wa mgongo kipimwe, kipo, na kinatibika kikiwahiwa, na mtu anaweza kuwa nacho bila kukohoa. Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi wapimwe pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mtu aliyewahi kuwa na kansa, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au kwenye bodaboda, mzee ambaye mifupa yake imelainika au anatumia dawa za steroidi muda mrefu, hao wote waonwe na daktari kwanza kabla ya kuanza mazoezi yoyote.

Kuhusu godoro nitasema kwa ufupi. Hispania mwaka 2003 walipima watu wazima 313 wenye mgongo sugu, nusu wakapewa magodoro magumu na nusu magumu kiasi, baada ya siku 90 waliolalia magumu kiasi ndo walikuwa na nafuu zaidi. Kwa hiyo bibi hana haja ya kulala sakafuni. Mkanda wa mgongo nao, wale wanaouvaa wakidhani unazuia maumivu yasirudi, tafiti zilipojumlishwa pamoja hazikuonyesha kwamba unazuia, kilichoonyesha kuzuia ni mazoezi, hasa yakiambatana na mtu kuelimishwa. Na Shirika la Afya Duniani Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu mgongo sugu, likasema wazi mikanda isitumike kama tiba ya kawaida, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Hapa nasema na wenzangu wa fani pia, mgonjwa analipa nauli ya daladala mbili au tatu anakuja analala kitandani anawekewa mashine dakika ishirini anarudi nyumbani hajafundishwa kitu chochote cha kufanya mwenyewe. Hiyo sio haki kwake. Mgonjwa ana haki ya kutuuliza, nyumbani nifanye nini, mara ngapi, na nitajuaje nimeendelea?

Nije kwenye kutembea, ambako ndo nilitaka kufika. Tatizo la mgongo ni kwamba unapona halafu unarudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichukua watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo hivi karibuni, kundi moja likapewa mpango wa kutembea na kuelimishwa na fizio vikao sita ndani ya miezi sita, kundi lingine halikupewa kitu. Majibu yalitoka mwaka 2024. Kwa ambao hawakupewa kitu, nusu yao mgongo ulikuwa umewarudia ndani ya siku 112, kwa waliotembea ikachukua siku 208. Karibu mara mbili! Na hakuna mashine hapo, hakuna sindano. Lengo lilikuwa kufika dakika 30, siku 5 kwa wiki, ila wanafika huko kwa miezi, sio kesho asubuhi, na kila mtu alipangiwa kulingana na umri wake na alipoanzia.

Ukitaka kuanza fanya hivi. Leo tembea mpaka pale ambapo bado uko vizuri, iwe dakika tano, iwe kumi, angalia saa uandike. Hiyo ndo ya kwako ya kuanzia, usijilinganishe na kaka yako. Fanya mara tatu wiki hii. Wiki ijayo ongeza dakika mbili tatu. Kuuma kidogo wakati unatembea ni ruhusa, angalia tu kesho yake asubuhi, kama umeamka kama kawaida yako endelea, kama umeamka umezidiwa rudi kwenye dakika za wiki iliyopita, usiache. Tembea mwendo wa mtu anayewahi kidogo, mikono iachie.

Najua kuna atakayesema mimi natembea kila siku, naenda kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani, nalima kwa jembe la mkono toka saa kumi na mbili asubuhi, mbona naumwa? Huyo swali lake ni la haki na hao wa Australia hawakumpima yeye. Kwake shida sio kukosa kujongea, ni kazi moja ile ile masaa mengi bila kubadilisha, kwa hiyo namshauri agawe, matuta machache halafu asimame ajinyooshe, ahamie kupalilia, arudi, ndoo ya lita 20 kama inawezekana iwe mbili za kumi, na mara tatu kwa wiki afanye mazoezi ya nguvu, kukaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi kumi, kulala chali na kunyanyua makalio juu. Dereva wa bodaboda na anayekaa na kompyuta ofisini wao ni kinyume chake, washuke, wasimame kila baada ya nusu saa, na matembezi yao ya jioni wayachukulie kama dawa waliyoandikiwa.

Mgongo ukirudi, na kwa wengi utarudi siku moja, usianze upya kuogopa wala kutafuta nini kimevunjika. Angalia zile dalili mbaya nilizozitaja, kama hakuna hata moja punguza dakika zako ziwe nusu, meza dawa ya maumivu ya siku mbili tatu uliyoshauriwa na mfamasia au daktari wako, toka nje, tembea hizo hizo chache, kazi nyepesi endelea nazo. Ikipita wiki sita haujapungua, njoo tukuone, na ukishuka mguuni na mguu ukaanza kulegea usisubiri hizo wiki.