Damu iliyolala na seli za kinga

Wanaoanza kazi kwenye maabara ya kinga huniuliza sana: damu iliyotolewa jana mchana, leo bado inafaa? Nami huwauliza: mnataka kuhesabu seli, au kuona kama bado zinafanya kazi?

Kuhesabu hakuna shida kubwa. Kwa kipimo cha CD4, yaani idadi ya seli T wasaidizi (seli T ni aina ya chembe nyeupe za kinga), damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia kuganda iitwayo EDTA, ikikaa kwenye joto la kawaida la chumba, taratibu nyingi huipokea hadi saa 48. Kupima utendaji wa seli T ni habari nyingine. Hapo maabara nyingi hutaka damu ishughulikiwe ndani ya saa 8, tena iwe ya chupa ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa sababu EDTA huikamata kalsiamu ambayo seli T huihitaji ili ziamke.

Tatizo lenyewe utaliona baada ya kuizungusha damu kwa kasi kwenye mashine juu ya Ficoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli kwa uzito wake. Damu mbichi hukupa utepe mwembamba mweupe wenye limfosaiti (kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo), plazma juu yake, na seli nyekundu zimezama chini pamoja na nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe. Damu iliyolala hukupa utepe mnene wenye wekundu. Mgeni hufurahi, anadhani amevuna. Kumbe nyutrofili zimechokozwa kwa kukaa, zikawa nyepesi, zikapanda na kujichanganya na limfosaiti. Hazikai kimya humo: huzizima seli T, na jibu linatoka dhaifu wakati mgonjwa hana tatizo hilo. Kuizimua damu kabla ya kuizungusha hupunguza uchafu huu, ila hakuumalizi.

Wengi hukimbilia friji. Mimi sishauri: kwa damu nzima ambayo seli zake hazijatengwa, baridi mara nyingi huongeza hitilafu hiyohiyo.

Kama kazi haiwezi kufanyika siku hiyo, tenga seli mapema kisha uzigandishe: DMSO (kemikali inayokinga seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, joto lishuke takribani digrii 1 kwa dakika, halafu zihifadhiwe kwenye nitrojeni ya kimiminika. Kuyeyusha kufanywe haraka, kwa nyuzi 37. Nyutrofili hazitavuka salama, na alama za juu ya seli T, kama protini ya CD62L, hupungua, kwa hiyo usizitafute kwenye seli zilizogandishwa.

Kinachonikera zaidi ni kulinganisha damu ya wagonjwa iliyosafiri usiku kucha na ya watu wenye afya iliyotolewa chumba cha pili. Afadhali zote zisubiri saa 20, na saa ya kutoa damu iandikwe kwenye kila chupa.