Kompyuta ya mashine ya boti: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Mashine za dizeli zenye kompyuta zimeingia Tanga bila kupigiwa ngoma. Zimo kwenye boti ziendazo kasi, zimo kwenye tagi (boti za kuvuta meli), na siku hizi hata mvuvi mwenye uwezo akiagiza mashine iliyotumika kutoka nje anaweza kuletewa yenye boksi na nyaya za rangirangi ubavuni. Pale Deep Sea, wanakoshushia samaki wavuvi wa Tanga, wengi bado wana pampu za kizamani, na mimi sioni ubaya wake. Ila mashine ya kompyuta inakuja na istilahi zake: msimbo wa hitilafu, sensa (kipimaji kinachoipelekea kompyuta habari za joto au presha), SPN, FMI, CAN. Na pembeni ya istilahi hizo uvumi unaota haraka. Mwingi unamla mwenye chombo mfukoni. Mmoja unaweza kumkata fundi mkono, na huo nitaukalia zaidi.

"Kompyuta imesema sensa ya oili imekufa"

Haikusema hivyo. Kompyuta haina macho ya kuiona sensa. Inachokijua ni volti zilizorudi kwenye waya, basi. Sensa nyingi za presha hupewa volti 5, nazo hurudisha kitu kati ya nusu volti na volti 4.5 kulingana na presha iliyopo. Jibu likitoka nje ya hapo, kompyuta inajua kuna jambo kwenye umeme. Likibaki ndani lakini likasomeka dogo kuliko inavyotakiwa kwa mzunguko huo wa mashine, inaamini presha yenyewe imeshuka.

Ndiyo maana msimbo kwenye mashine zinazofuata utaratibu wa J1939, lugha ya pamoja ya kompyuta za mashine kubwa za dizeli, una namba mbili, na anayesoma moja tu amesoma nusu ya barua. SPN hutaja kipimo kinacholalamikiwa: 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji ya kupozea, 190 ni mzunguko wa mashine, 168 ni volti za betri, 97 ni maji kwenye dizeli. FMI hutaja namna kilivyoharibika, na inaanzia 0 hadi 31. FMI 0 ni kipimo kilichopanda kupita kiasi, 1 ni kilichoshuka kupita kiasi, 2 ni kinachorukaruka, 3 ni volti zilizo juu mno, 4 ni volti zilizo chini mno, 5 ni mkondo mdogo kama wa waya uliokatika.

Sasa weka pamoja. 100 na 1: zima mashine, pima oili, funga geji ya kawaida uone presha halisi, kwa sababu huenda sensa inasema kweli tupu. 100 na 3, au 100 na 4: presha inaweza kuwa nzuri kabisa, tatizo liko kwenye waya, plagi au sensa. Namba ya kwanza ni ileile, safari mbili tofauti. Nimeona watu wakinunua sensa kwa sababu ya "100" peke yake, wakaifunga, wakawasha, na mashine ikaendelea kulia vilevile kwa kuwa kweli haikuwa na presha. Mjumbe hauawi.

Kuna kipimo kimoja kizuri kwa sensa ya joto yenye nyaya mbili, wala hakihitaji zaidi ya mikono na kisomeo cha msimbo. Tuseme unapata 110 na 4, volti ziko chini. Chomoa plagi ya sensa. Ukinzani wa sensa ya aina hii hupungua kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo ikichomolewa kompyuta inapaswa kuona volti 5 nzima na kudhani maji yana baridi ya barafu. Msimbo ubadilike kuwa 110 na 3. Ukibadilika, nyaya na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo iliyopiga shoti. Ukigoma kubadilika, usinunue sensa: waya umegusana na bodi mahali fulani njiani, na mara nyingi ni pale unapopita kwenye kona ya chuma ukisuguliwa na mtetemo.

Na zikifa sensa tatu kwa mpigo? Sensa tatu hazifi saa moja. Huwa zinagawana njia moja ya volti 5, na moja ikipiga shoti inazivuta wenzake. Chomoa moja baada ya nyingine huku mtu anaangalia skrini; ile ambayo ukiichomoa nyingine zinafufuka, ndiyo mhalifu.

"Futa msimbo, mashine itapona"

Kufuta ni kufuta kumbukumbu. Msimbo hai ni wa hitilafu iliyopo sasa. Uliolala ni wa hitilafu iliyowahi kutokea ikaondoka. Ulio hai utarudi, pengine kabla hujafunga mfuniko wa chumba cha mashine. Uliolala ukiufuta umejinyima ushahidi: idadi ya mara ulizotokea (kwa J1939 hesabu hiyo inaishia 126), na kwa mashine nyingi hata saa za mashine ulipotokea. Msimbo uliotokea mara moja miezi iliyopita unaweza kusubiri. Uliotokea mara arobaini wiki hii, kila bahari inapochafuka, unakuambia kuna plagi inayocheza. Andika namba zote kwenye daftari kwanza, ndipo ufute.

Kuchomoa betri nako hakusaidii sana. Mashine nyingi huhifadhi misimbo kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme.

"Legeza nati ya paipu tusikilize silinda ipi haifanyi kazi"

Hili ndilo nililosema nitalikalia. Kwa mashine za pampu ya zamani ni mbinu ya heshima: mashine ikiwa inaunguruma, fundi analegeza nati ya paipu ya injekta moja moja, na silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo mgonjwa. Noseli za mashine hizo nyingi hufunguka kwenye presha ya karibu bar 200. Hata hiyo si ya mchezo, ila mafundi wetu wamezeeka nayo.

Kwenye mfumo wa komoni reli, dizeli imewekwa tayari kwenye bomba moja la pamoja ikisubiri, kwa presha inayoweza kufika bar 1,600 hadi 2,000 katika mashine za sasa. Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushei. Ukilegeza nati hapo mashine ikiwaka, kinachotoka ni uzi mwembamba usioonekana vizuri, na uzi huo unapenya glovu, ngozi na nyama. Ubaya wake ni kwamba kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba. Fundi anafuta na tambara, anaendelea na kazi, na ndani ya mkono dizeli inaua nyama. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha, asije akafungiwa bandeji na kurudishwa nyumbani. Ni kazi ya upasuaji.

Mashine hizi zina njia yake ya kutafuta silinda mbovu. Ukiunganisha kompyuta ya kupimia, unaiagiza ikate injekta moja moja kwa umeme huku ukisikiliza na kuangalia mzunguko unavyoshuka. Matokeo ni yaleyale ya nati, bila tone kumwagika. Kama huna kifaa hicho, afadhali boti ilale. Uvujaji nao hautafutwi kwa kiganja. Pitisha kipande kikavu cha boksi la karatasi kwa mbali. Na kabla ya kufungua paipu yoyote ya presha, zima na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha mashine. Vingine vinataka dakika 10.

Papo hapo kuna dhana ndogo ya kuhamisha injekta kutoka silinda hii kwenda ile "tuone". Injekta nyingi za komoni reli zina herufi na namba zilizochorwa kichwani, ambazo ni vipimo vya injekta hiyo hasa, kwa kuwa hata mbili zilizotoka kiwandani pamoja hazimwagi sawasawa. Ukizihamisha lazima uiambie kompyuta, la sivyo itaipimia kila silinda kwa kipimo cha jirani yake: moshi, mlio mkavu, mashine inayotetemeka ikiwa silensa, yaani ikiunguruma polepole bila mzigo. Halafu lawama inaenda kwa dizeli ya kituo fulani.

Tahadhari moja: skrini si ushahidi kwamba mashine inaendeshwa na kompyuta. Volvo Penta D1 na D2, kwa mfano, zina boksi dogo la kuwashia na kusomea vipimo, ila pampu yake ni ya kawaida. Na zipo zenye kompyuta lakini injekta zake zinasukumwa na kemshafti, bila reli ya pamoja. Jua uliyo nayo kabla ya kushika spana.

"Kompyuta imeharibika, imetukatia nguvu katikati ya mkondo"

Manahodha wanaovuka kwenda Pemba wakati wa kusi wana haki ya kukasirika. Hakuna anayetaka mashine inayopunguza pumzi huku mawimbi yanakuja ubavuni. Lakini mara nyingi hiyo ni kompyuta iliyo nzima inayofanya ilichofundishwa: joto la maji limepanda au presha ya oili imeshuka, inapunguza dizeli ili mashine isikwame kabisa. Watengenezaji wengi wa mashine za bahari hupendelea kupunguza nguvu kuliko kuzima, kwa sababu chombo kisicho na mwendo hakishiki usukani.

Kwa hiyo nahodha apunguze gesi, kisha mtu aangalie maji ya ekzosi. Kama yanatoka kidogo au hayatoki, twende kwenye chujio la maji ya bahari, ambalo nyasi bahari na plastiki hulipenda sana, halafu impela, lile panga la mpira ndani ya pampu ya maji. Kinachonikera ni fundi anayefunga kipingamizi cha umeme kwenye plagi ya sensa ya joto ili kompyuta "itulie". Itatulia kweli. Itaamini maji yana joto zuri mpaka silinda hedi ipinde.

"Chumvi ya bahari itaua hiyo kompyuta"

Boksi lenyewe ni gumu kuliko linavyosemwa. Limezibwa, na kwenye baadhi ya mashine linapozwa na dizeli inayopita nyuma yake. Panapokufa ni kwenye plagi, kwenye ethi na kwenye betri. Na mara nyingi tunapaua wenyewe: kwa kuosha mashine kwa maji ya presha, au kwa kutoboa ganda la waya na sindano ili kupima umeme. Katundu kale kadogo kanaingiza unyevu wa chumvi, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi unapata msimbo wa FMI 2 ambao hakuna anayejua ulikotoka.

Ethi ipime hivi: weka mita kati ya hasi ya betri na bloku ya mashine, mtu apige stata. Zikionekana zaidi ya nusu volti, kebo ya hasi au kiungio chake kina ukinzani. Kwa upande wa mawasiliano, nyaya mbili za CAN zilizosokotwa, zinazobeba mazungumzo kati ya kompyuta na vifaa vingine, zina vipingamizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Zima umeme wote, pima kati ya nyaya hizo: omu 60 ni salama, 120 ni kwamba upande mmoja umepotea, karibu na sifuri ni shoti. Kipimo cha dakika moja hicho, na kinaokoa mtu asinunue boksi.

Mkitaka kuchomelea chuma chochote chomboni, tenganisheni betri na plagi za kompyuta kwanza, na klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea ikae jirani na pale panapochomelewa.

"Kisomeo cha gari kitasoma tu"

Kile cha gari dogo kina plagi ya pini 16. Mashine nyingi kubwa za dizeli zina plagi ya duara ya pini 9 au 6, na nyingine zina ya kwao peke yao. Ukibahatika na kisomeo cha malori cha J1939 utapata misimbo ya pamoja, lakini si ile ambayo mtengenezaji ameiweka binafsi, na kukata injekta au kuingiza namba zake kwa kawaida kunataka programu yake mwenyewe.

"Ni ujanja wa viwanda wa kutuuzia vipuri"

Vipuri ni ghali, sikatai. Ila sababu kubwa ni moshi. Kanuni za IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, za gesi za oksidi za naitrojeni zinahusu mashine za dizeli za meli zinazozidi kilowati 130, kiwango cha kwanza kwa meli zilizojengwa kuanzia mwaka 2000 na cha pili kuanzia 2011. Kubana moshi huku ukiokoa mafuta kunataka sindano ya dizeli ipangwe kwa usahihi ambao gavana ya springi haiufikii kirahisi.

"Hakuna msimbo, basi mashine haina ugonjwa"

Kompyuta inaona pale tu palipowekwa sensa. Haioni rafadha iliyopinda, wala sehemu ya chini ya boti iliyoota majani na kombe. Haioni oili inayoongezeka kwenye dipstiki kwa sababu dizeli inavujia ndani; hiyo unaiona wewe asubuhi, ukipima.

Boti ikiwa nzito na skrini haina msimbo, tafuta ukurasa wa asilimia ya mzigo wa mashine. Ikiwa gesi imekanyagwa mwisho, mzigo umefika 100, na mzunguko umeshindwa kufika pale kitabu kinaposema, mashine inajitahidi kadiri iwezavyo na kuna kitu kinaishika. Injekta ziache kwanza. Maji yakipwa, boti ikakaa juu ya mchanga, angalia rafadha na uoto wa chini. Ukikuta kusafi, uliza kama mwenye chombo hajabadilisha rafadha akaweka kubwa zaidi.