Je, wajua kwa nini video inatoa sauti halafu picha ni giza tupu?

Juzi Jumapili shangazi yangu katoka Ujiji mpaka kwangu Mwanga, mkononi ana flashi kaifunga kwenye pindo la khanga, ndani yake kuna video ya harusi ya binti yake. Nikachomeka kwenye laptopu, nikabofya, sauti ikaja safi kabisa, vigelegele, tarumbeta, MC anawaita watu wa meza kuu, ila picha hakuna, kiza kitupu. Shangazi akanitazama, akauliza taratibu, "Mwanangu, ndo basi tena?" Maana kule nyumbani kuna kijana alishamwambia faili limekufa, alifute tu ampigie tena mpiga video.

Halijakufa shangazi. Na naandika hii kwa sababu naona watu wengi hapa Kigoma wanafuta kumbukumbu zao nzima nzima kwa kuambiwa neno hilo moja.

Iko hivi. Yale maandishi ya mwisho kwenye jina la faili, .mp4, .mkv, .avi, ni jina la chombo tu. Nenda sokoni Mwanga uangalie madumu ya lita 20, dumu ni lile lile la njano, moja lina mawese, jingine maji, jingine mafuta ya taa, kwa nje huwezi kujua. Faili la video nalo ni dumu, ndani mnakaa picha, sauti, wakati mwingine sauti za lugha mbili tatu na maandishi ya tafsiri. MKV hata jina lake kamili, Matroska, limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Ndo maana kubadilisha jina kutoka .mkv kwenda .mp4 hakusaidii kitu, umebadilisha kibandiko, kilichomo ndani ni kile kile.

Sasa kilichomo ndani ndo kimefungwa na kitu kinaitwa kodeki, na hapa ndo penyewe. Piga hesabu na mimi: picha moja ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta inakula baiti 3 za rangi, na sekunde moja ina picha 25. Jumla ni kama MB 155 kwa sekunde moja! Flashi ya GB 8 ingejaa kwa sekunde 51, bibi harusi hata hajashuka kwenye gari. Kwa hiyo lazima video ibanwe. Kodeki inachofanya, inahifadhi picha moja nzima, halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu, turubai halijasogea, viti havijasogea, aliyesogea ni shangazi anayecheza, basi anaandikwa yeye. Pia inatupa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni vizuri. Ni kama dagaa wa mwalo wa Kibirizi, unawaanika maji yatoke wasafiri wepesi mpaka Dar, kule wanalowekwa wanapikwa, wanalika vizuri tu ila ule ubichi wa ziwani haurudi.

Shida ni kwamba kuna namna nyingi za kubana, na anayefungua lazima ajue namna ile ile aliyotumia aliyefunga. H.264 ilitoka 2003 na karibu kila kifaa kinaijua. H.265, wengine wanaiita HEVC, ilikuja 2013, inaweza kubana mpaka karibu nusu ya ukubwa wa H.264 kwa ubora ule ule, na simu na kamera nyingi za sasa zinarekodi kwa hiyo. Kuna AV1 pia, ya 2018. Video ya shangazi picha zilikuwa H.265 na sauti AAC, ambayo ni kodeki ya sauti, ile pleya iliyokuja na Windows ikaijua AAC, H.265 ikashindwa, ndo ukapata harusi ya kusikiliza kama redio. Na kushindwa kwenyewe si ujinga wa kompyuta, H.265 ina hataza, yaani haki za uvumbuzi, za watu wanaotaka kulipwa, ndo maana kwenye duka la Microsoft nyongeza yake inauzwa dola 0.99.

Dawa ya kwanza ni VLC, pleya ya video ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, mwaka 2001 ikaachiwa huru kila mtu aitumie bure, na uzuri wake inatembea na kodeki zake yenyewe haiombi kwa Windows. Ukiwa ndani ya VLC bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, inakuonyesha dumu lina nini, kodeki ya picha na ya sauti. Mimi naanzia hapo kila siku kabla sijamjibu mtu chochote. Ila jamani ishusheni kwenye tovuti yao wenyewe ya VideoLAN, na ukiona video inakwambia ubofye mahali ushushe kodeki ndo icheze, kimbia, virusi vingi vimeingia kwa watu kupitia mlango huo.

Kwa shangazi VLC ilifungua, picha ikaja, lakini ikawa inakwama kwama, watu wanacheza kama wamegandishwa. Hapo sio kodeki tena ni nguvu. Laptopu yangu ni Core i3 ya kizazi cha nne, na prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kufungua H.265 kizazi cha sita, mwaka 2015, kwa hiyo yangu inalazimika kufanya hesabu zote kwa nguvu ya kawaida na video yenyewe ni ya 4K, yaani nukta mara nne ya HD kamili, inahema. Nikachukua HandBrake, programu ya kugeuza video, nayo ya bure, nikaiambia itoe faili jipya la H.264 la HD kamili, nikaiacha usiku kucha kwenye chaja huku naomba umeme usikatike. La zamani sikuligusa, na wewe usiliguse, ukishabana mara ya pili ubora uliopotea haurudi.

Ikiwa kinyume chake, picha ipo sauti hakuna, hasa kwenye TV, mara nyingi sauti ni DTS au AC3, kodeki nyingine za sauti, na TV haiijui, geuza sauti peke yake iwe AAC picha iache. Ila kuna faili moja kweli linasumbua, MP4 ambayo kamera ilizima chaji katikati ya kurekodi, kwa sababu kamera nyingi zinaandika faharasa ya faili, yaani orodha ya kuonyesha kila kipande kiko wapi, mwishoni, sasa mwisho haukufika. Hata hilo usilifute, kuna programu za kulitengenezea faharasa upya na mara nyingine zinafanikiwa.

Asubuhi nikaweka faili jipya kwenye flashi nikachomeka kwenye TV ya sebuleni. Shangazi kakaa mkekani kimya, mpaka babu alipoinuka kutoa nasaha ndo akanishika mkono, "Rudisha hapo mwanangu, rudisha nimwone vizuri."