Mtoto aliyeumia ubongo: uwezo wake wa viungo hupimwaje?

Mwanangu wa miaka 6 aligongwa na bodaboda hapa Chamwino, Dodoma, akaumia kichwani. Sasa anatembea. Kwa nini bado anaitwa kliniki ya utengamao, yaani ya kumrudishia uwezo wa viungo?

Kwa sababu anaweza kutembea vizuri huku mkono mmoja ukibaki nyuma, au akasimama imara sakafuni lakini akapepesuka kwenye mchanga wa korongo anakopita kwenda shule.

Hupimwaje?

Kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichobuniwa Kanada kwa watoto wenye mtindio wa ubongo na kinachotumika kwa walioumia kichwa pia, kina vitendo 88, kuanzia kulala na kugeuka, kukaa, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, hadi kutembea, kukimbia na kuruka. Kila kitendo hupewa alama 0 asipokianza kabisa, 1 akikianza tu, 2 akikifanya nusunusu, na 3 akikimaliza. Mtoto mwenye afya hufikia vyote akiwa na miaka 5 hivi. Alama za leo hulinganishwa na zake za awali, wala si na za mtoto wa jirani.

Na mikono?

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika, maana mtoto hujifunza upesi kutumia mkono wenye nguvu peke yake. Mpe kazi inayodai mikono miwili, kama kumenya ndizi au kufunga vifungo vya shati. Sisi wa Dodoma tuna zabibu: mwambie achume punje moja kwenye kishada kwa mkono dhaifu, kisha utazame kama anaishika kwa ncha za vidole viwili au anaikumba kwa kiganja kizima, na kama inapasuka kabla ya kufika sahanini. Hicho si kipimo rasmi, lakini ukimweleza mtaalamu atakielewa mara moja. Mtoto anayepaliwa asiachiwe kuzila.

Nyumbani anaweza, kliniki anashindwa. Nani mkweli?

Wote wawili. Aliyeamka alfajiri akasafiri juani hufika amechoka, na ubongo unaopona huchoka upesi. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, bila kumshika kiwiko. Mkono wa mama unaosaidia kidogo ndio unaoharibu vipimo vingi.

Nisisubiri tarehe ya kliniki lini?

Akipoteza uwezo aliokwisha kuupata, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.