Je, wajua kwa nini mwili hukimbia hata ukiwa umekaa na watu unaowapenda?

Jumamosi moja tulikuwa kinamama saba uani kwa jirani yetu hapa Kampala, tukimenya matoke ya kwanjula, sherehe ya binti yake kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Wawili wametoka Kivu, mashariki mwa Kongo, mmoja ni mjane wa askari kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, wengine ni wa hapahapa. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Vicheko vilikuwa vingi. Ghafla pikipiki ikapita nje ya ua ikatoa mlio kama wa risasi, na dada aliyekaa kando yangu akasimamisha kisu katikati ya ndizi. Hakupiga kelele wala hakuruka. Tabasamu lake lilibaki palepale usoni, lakini nilimwita mara mbili hakuitika. Baadaye aliniambia, "Nilikuwa naona midomo yenu inachezacheza, ila mimi sikuwepo."

Aliyewahi kupitia vita, kubakwa, kipigo cha nyumbani au ajali mbaya anaijua hali hiyo. Kwa nini humpata mtu mahali penye amani, tena katikati ya watu wanaomtakia mema?

Ndani ya ubongo kuna kiungo kidogo chenye umbo la lozi, amigdala. Kazi yake ni ya mlinzi wa usiku: kubweka kwanza, kuuliza baadaye. Mlio ukifanana na ule wa siku ile, amigdala huamsha mwili kabla ya akili kupata nafasi ya kusema "hiyo ni pikipiki tu." Adrenalini, homoni ya dharura, inamwagika, moyo unadunda, misuli inakaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Na kama siku ile hukuweza kukimbia wala kupigana, mwili ulijifunza njia ya tatu, yaani kuganda na kufa ganzi, roho ikajitenga pembeni. Ndiyo iliyokuokoa wakati ule. Tatizo ni kwamba mwili haujaambiwa kuwa yamekwisha.

Ila mlio peke yake hautoshi kueleza. Wapo wanaopotea hivi hivi bila mlio wowote, kwenye harusi, kanisani, hata kitandani na mume wanayempenda. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi, wanamwita mwenzao mwenye maringo au mwenye moyo mgumu. Aliyeumizwa na binadamu amejifunza kusoma nyuso kama mvuvi anavyosoma mawingu: nani amekunja ndita, nani amepandisha sauti, nani amekaa karibu na mlango. Akili yake yote iko nje, kwa wenzake, na ndani hakubaki mtu. Halafu kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Moyo unaodunda kwa furaha na moyo unaodunda kwa hofu hudunda namna moja. Ukicheza ngoma, ukicheka sana, ukikumbatiwa, pumzi zinapanda na jasho linatoka, na mwili uliojeruhiwa unasoma ishara hizo kuwa hatari imerudi. Kwa hiyo mtu anaikwepa furaha yenyewe, bila kujua anachokwepa.

Ndiyo maana kumwambia "sahau tu" hakusaidii. Kinachosaidia ni kuupa mwili habari mpya, kwa lugha ambayo mwili unaielewa: uzito, joto, mguso, pumzi. Nyayo zikikandamiza ardhi, mgongo ukiegemea ukuta, vidole vikizunguka kikombe cha chai ya moto, ubongo unapata taarifa ya hapa na sasa ya kushindana na ile ya zamani. Pumzi pia ina njia yake. Neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu, hutoka kwenye shina la ubongo na kufika hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo, na kila unapotoa pumzi, neva hiyo hupunguza kidogo mwendo wa moyo. Kwa hiyo kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, hutuliza mapigo.

Hilo limejaribiwa hapa Uganda. Wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini, katika makazi ya Rhino Camp huko West Nile, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Sehemu yao walikutana kwa makundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Katika mafunzo hayo mtu hujifunza kukandamiza miguu chini, kupumua taratibu na kutazama kilicho mbele yake dhoruba ya mawazo inapomvamia. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, na dhiki ya wanawake hao ilipungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Waacholi wa kaskazini mwa Uganda walikuwa na elimu ya namna hii zamani. Vijana waliotekwa na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliporudi nyumbani, wengi walipokelewa kwa nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai. Yai bichi huwekwa chini pamoja na kijiti cha opobo chenye utelezi wa kuoshea, na layibi, ile fimbo ya kuinulia paa la ghala la chakula. Mtu hakuombwa kwanza aeleze aliyoyaona msituni. Aliombwa mguu wake. Aliweka unyayo, akasikia ganda likivunjika chini yake, akaingia uani mbele ya watu wake. Sidai kwamba yai huponya kila kitu, maana wengi walibaki na ndoto mbaya kwa miaka. Ila naona hekima kubwa katika kumrudisha mtu kwa watu kupitia mguu, maneno yakaja baadaye.

Tahadhari moja. Wapo ambao kufumba macho na kusikiliza ndani ya mwili huwazidishia hofu, hasa waliobakwa. Wao waache macho wazi, wahesabu rangi za nguo kwenye kamba au washike kitu cha baridi. Asiguswe mtu bila kuulizwa, hata bega. Na kama usiku haulaliki kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujiua yanakuja, usibaki peke yako: nenda kituo cha afya, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Akipatikana wa kukusindikiza, vizuri zaidi.

Turudi uani. Yule mjane wa Gulu hakumwambia dada yetu atulie. Alimsogezea sufuria la maji polepole, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tumbukiza mikono, utomvu umekushika." Maji yalikuwa baridi. Dada akaziangalia ndizi, akaangalia vidole vyake vilivyoingia weusi, akashusha pumzi ndefu, akauliza zimebaki ngapi. Tukaendelea kumenya.

Wiki iliyofuata alikuja na kigoda chake mwenyewe. Alikiweka ukutani, uso kuelekea geti, akavua kandambili na kukanyaga saruji. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.