Usiulize kama ni i5, uliza namba kamili

Katika maduka ya laptopu za mtumba hapa Mwanza, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni "Hii ni i5?" i3, i5 na i7 ni majina ya makundi ya prosesa za Intel, yaani chipu inayofanya kazi za kompyuta. Muuzaji akijibu ndiyo, hajadanganya. Lakini i5 zilianza kuuzwa 2009, na iliyozeeka huachwa mbali na i3 ya miaka ya karibuni. Kinachokueleza ukweli ni namba inayofuata.

Chukua i5-7200U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha saba na cha nane. Ya saba ina kori 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), ya nane ina 4. Watu hupotea kwenye GHz, kipimo cha mwendo wa prosesa: ya saba imeandikwa 2.5, ya nane 1.6, basi mteja anabeba yenye namba kubwa. Hiyo 1.6 ni mwendo wa msingi tu. Kazi ikizidi inapanda hadi 3.4, wakati ya saba inaishia 3.1. Hata i7-7500U ina kori 2, kwa hiyo usiongeze hela kwa ajili ya neno i7. Ukikuta i5-10210U au i3-1115G4, soma tarakimu mbili za mwanzo: kizazi cha 10, kizazi cha 11.

Kizazi cha nane nakisisitiza kwa sababu nyingine pia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Intel za kuanzia hapo, ukiacha chache sana za nyuma yake. Kwa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, Ryzen 5 3500U inakubalika, 2500U haikubaliki. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho. Kwa laptopu inayotunza hesabu za dagaa pale mwaloni Kirumba na kutuma ritani za kodi, sishauri kabisa.

Laptopu yenye prosesa ya Celeron N4020 iliyo mpya ndani ya boksi inavutia kwa bei. Ina kori 2, na mara nyingi huja na RAM ya GB 4. Fungua Excel na kurasa kumi za mtandao, itaanza kuvuta miguu. Ukitaka mpya ya bei nafuu, tafuta yenye prosesa ya N100, ina kori 4. Mtumba, mimi ningechukua 8250U yenye RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi). Epuka prosesa ambazo namba zake zinaishia na H: zinakula umeme mwingi, na umeme ukikatika betri haifiki mbali.

Stika hubandikwa na yeyote, usiiamini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU: jina, idadi ya kori na mwendo vyote viko hapo. Fungua faili kubwa na video, uangalie mwendo kwa dakika kumi. Ukiganda chini ya 0.8 GHz tangu mwanzo na mashine ni Dell, shuku chaja: isipotambulika, mashine hujipunguza mwendo yenyewe. Jaribu na chaja nyingine ya Dell yenye wati zinazotakiwa. Mwendo ukianza vizuri halafu ukashuka kadiri joto linavyopanda, feni imejaa vumbi au pesti iliyo juu ya prosesa imekauka. Isafishwe na kupakwa upya, kisha urudie jaribio lile lile kabla hujalipa.